Kurubani, Kafara na Ng'ombe wa Mwaka: Damu ya Mnyama Hufanya Nini?



Ndugu zetu wasomaji, wazazi na wanafunzi. Kila unapokaribia mwezi wa Mfunguo Tatu, maswali kuhusu kuchinja huongezeka. Mengi ni ya kifiqhi: mbuzi wa umri gani, watu wangapi hushirikiana ng'ombe, nani apewe ngozi. Safari hii swali limekuja kwa sura nyengine. Vijana wetu wanaosoma Mombasa na Malindi, na wale waliokulia Uingereza, wanaambiwa na wenzao Wakristo darasani maneno kama haya: Taurati inasema hakuna msamaha pasipo damu. Wayahudi walichinja. Nyinyi Waislamu pia mnachinja. Basi damu ya mbuzi wenu inafuta dhambi, au haifuti? Na kama haifuti, nani atakulipieni?

Kijana akirudi nyumbani kuuliza, mara nyingi hujibiwa kwa ukali, au hupewa jibu ambalo linamkubalia yule mwenzake bila ya mwenye kujibu kujua. Tumewasikia watu wazima wakisema kwamba tunachinja ili damu iondoe balaa. Maneno hayo hayakutoka katika Qur'an. Yametoka pahala pengine, na tutafika huko. Lakini kwanza turudi nyuma, kwa sababu mtu hawezi kujibu swali hili bila kujua Mayahudi wa zamani walifanya nini hasa, na Wakristo waliielewa vipi kazi ile.

Tuanze na maneno, kwani maneno tunayo sisi wenyewe midomoni. Kwa Kiebrania sadaka ya madhabahuni iliitwa korban, kutokana na mzizi wa k-r-b, yaani kuwa karibu. Kiarabu kina qurban kwa mzizi ule ule, na sisi tunasema kurubani, tunasema akraba kwa jamaa, na kila siku tunamwambia mgeni karibu. Mnyama wa kuchinjwa Waebrania walimwita zevah na pahala pa kuchinjia mizbeah. Kwetu ni dhabihu na madhabahu. Na ile siku yao kubwa ya toba inaitwa Yom Kippur, ambayo ni ndugu wa neno letu kafara. Kwa hivyo mtoto wa Kibajuni anaposoma habari za Hekalu la Yerusalemu hasomi mambo ya ajabu yasiyomhusu. Anasoma habari za watu ambao lugha yao na lugha ya Qur'an ni matawi ya mti mmoja.

Pwani yetu hata ina mkono wake katika kisa cha Biblia ya Kiswahili. Mwaka 1844 mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, na Juni ya mwaka huo akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo. Aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Kiislamu, Ali bin Muhyiddin, mtu wa Barawa, na Krapf mwenyewe ameandika kwamba alikuwa miongoni mwa watu waliosoma zaidi mjini. Barawa ni jirani wa Kismayo kwa upande wa kaskazini, safari ya pwani hiyo hiyo. Sura tatu za mwanzo zilichapwa Marekani mwaka 1847. Zikaishia hapo, kabla ya sura ya nne yenye kisa cha Habili na Kabili na zile kurubani zao mbili, moja iliyokubaliwa na moja iliyokataliwa. Yule kadhi hakuhitaji kufundishwa kisa hicho na mgeni. Kimo katika Suratul Maida, aya ya 27.

Yaliyokuwa yakifanyika Hekaluni

Hekalu la kwanza ni lile alilolijenga Nabii Sulaiman (a.s.), likavunjwa na Nebukadneza wa Babeli kiasi cha mwaka 586 K.K. La pili lilikamilika kiasi cha mwaka 515 K.K., mfalme Herode akalijenga upya kwa fahari kubwa kuanzia kama mwaka 20 K.K., na Warumi chini ya Titus wakalichoma mwaka 70 B.K. Katika nyumba hiyo moja ndimo mlimokuwa na ruhusa ya kuchinja kurubani. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati kilikataza kuchinja dhabihu kila mtu anapopataka. Wapo waliokwenda kinyume, kwa mfano Mayahudi askari waliokaa kisiwa cha Elephantine katika mto Nili, karibu na Aswan ya leo, ambao walikuwa na hekalu lao hadi lilipobomolewa mwaka 410 K.K. Lakini sharia ilikuwa nyumba moja.

Kila siku walichinjwa wanakondoo wawili, mmoja asubuhi na mmoja alasiri, na hao waliteketezwa. Katika sikukuu ya Vibanda walichinja mafahali 13 siku ya kwanza, 12 siku ya pili, wakishuka mmoja mmoja hadi 7 siku ya saba, jumla mafahali 70. Fikiria moshi na damu na sauti za ng'ombe. Makuhani walikuwa watu wa kazi ngumu ya mikono, hawakuwa watu wa kukaa tu.

Dhabihu hazikuwa aina moja, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Ilikuwapo ya kuteketezwa nzima, ambayo hakuna aliyekula. Ilikuwapo sadaka ya amani, ambayo mafuta yake yalichomwa, kuhani akapata fungu lake, na mwenye mnyama akala na watu wake kwa furaha. Hii ya pili ndiyo iliyo karibu na karamu ya Idi. Ilikuwapo sadaka ya unga, isiyo na damu kabisa. Kisha ndiyo zikawapo sadaka ya dhambi na sadaka ya hatia. Kwa hivyo anayesema kwamba Mayahudi walichinja ili kufutiwa dhambi amesema sehemu moja tu ya habari. Wengi walichinja kushukuru, au kutimiza nadhiri, au kula Pasaka na familia.

Sisi watu wa bahari tuna jambo la kuliangalia hapa. Madhabahu ya Yerusalemu haikupokea samaki. Ilipokea ng'ombe, kondoo, mbuzi, njiwa na hua, basi. Mnyama wa kuwinda pia hakupokewa. Udhiya wetu uko vivyo hivyo: ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo, na mvuvi wa Chovai akivua nguru wa urefu wa mtu hawezi kumfanya udhiya. Tofauti iko kwa ngamia. Taurati imemkataza ngamia hata kuliwa, na kwa Waislamu ni katika kurubani bora. Msomali wa Kismayo anayechinja ngamia siku ya Idi anatoa mnyama ambaye kuhani wa Yerusalemu asingemgusa.

Mnyama alitakiwa asiwe na kasoro. Kipofu, aliyevunjika, mwenye upele, wote walirudishwa. Soma hadithi ya al-Bara bin Azib (r.a.) kuhusu wasiofaa kwa udhiya, chongo aliye wazi, mgonjwa, kiguru na aliyekonda akabaki mifupa, utaona ni kama unasoma habari za nyumba mbili za mtaa mmoja.

Tuje kwenye dhambi. Kitabu cha Walawi, sura ya 4 na ya 5, kinaeleza sadaka ya mtu aliyekosa bila kukusudia, au aliyesahau. Mwenye uwezo alete kondoo au mbuzi jike. Asiyeweza alete ndege wawili. Asiyeweza hata hao alete kiasi kidogo cha unga, na dhambi yake itasamehewa. Unga! Pale pale katika Taurati maskini alisamehewa bila tone la damu. Mwanafunzi akiambiwa kwamba hakuna msamaha pasipo damu, hii ndiyo sura ya kuifungua pamoja na mwenzake, kwa adabu. Na hata Waraka kwa Waebrania katika Agano Jipya, ambamo maneno hayo yametoka, umeweka neno lenye maana ya karibu au takriban. Aliyeuandika aliijua Taurati yake.

Ama aliyeiba au kudhulumu, Taurati haikumruhusu kukimbilia madhabahuni moja kwa moja. Kwanza airudishe mali, aongeze sehemu ya tano, kisha ndipo alete kondoo wake. Na aliyeasi kwa makusudi na kiburi, kitabu cha Hesabu, sura ya 15, hakikumwekea sadaka ya kumkomboa. Wanavyuoni wa Kiyahudi katika Mishna walisema waziwazi kwamba hata Yom Kippur haifuti dhambi baina ya mtu na mwenzake mpaka amridhishe. Kwetu tunaziita haki za waja, na kila aliyekaa msikitini anajua kwamba Mola hazisamehe juu ya kichwa cha mwenyewe.

Mbuzi wawili

Siku ya Yom Kippur ina jambo ambalo tunataka mlikumbuke, kwa kuwa litarudi. Kuhani mkuu alianza kwa kuchinja fahali kwa ajili ya dhambi zake mwenyewe. Kisha waliletwa mbuzi wawili, ikapigwa kura. Mmoja alichinjwa kwa Mungu, na damu yake kuhani akaingia nayo Patakatifu pa Patakatifu, chumba kisichoingiwa na mtu siku nyengine yoyote ya mwaka, akainyunyiza. Wa pili hakuchinjwa. Kuhani aliweka mikono miwili juu ya kichwa chake, akaungama dhambi za taifa zima, na mbuzi yule akapelekwa jangwani kwa Azazeli. Zama za Hekalu la pili, Mishna inasema alisukumwa kutoka kwenye jabali.

Mmoja wa damu, mmoja wa kubeba. Wasomi mpaka leo wanajadiliana Azazeli ni nini, jina la pahala au la kiumbe wa jangwani. Linaloonekana ni kwamba uchafu wa mji ulitwikwa mnyama na kutolewa nje.

Na wakati huo huo manabii wao walikuwa wakipiga kelele. Amosi, Hosea, Isaya na Mika wote walisema kwa namna zao kwamba Mungu hana haja na moshi wa mafahali wakati yatima wanadhulumiwa. Hawakusema madhabahu ibomolewe. Walisema mnyama hawezi kufanya kazi ya moyo.

Hekalu lilipoungua mwaka 70, watu wengi wangetarajia dini ile ife. Haikufa. Rabi Yohanan ben Zakkai alikusanya wanafunzi Yavne, na wamesimulia kwamba siku moja mwanafunzi wake aliona magofu akalia kwamba pahala pa kufutiwa dhambi pamevunjika, naye akamjibu kwamba liko jambo lililo sawa nalo, ndilo kutenda wema. Sala zikashika nafasi ya saa za sadaka, na hali ni hiyo mpaka leo. Wasamaria peke yao, watu wachache sana, bado wanachinja wanakondoo wa Pasaka kila mwaka juu ya mlima Gerizimu karibu na Nablus. Na upande wetu huu wa Afrika, Mayahudi wa Ethiopia waitwao Beta Israel, katika vijiji vya Gondar, waliendelea kuchinja Pasaka yao hadi karne ya 20. Wao walikuwa mbali na marabi, wakabaki na Taurati ya zamani.

Wakristo walivyoelewa

Tunawaomba wazazi mahali hapa wawe waadilifu. Mtoto akifundishwa dini ya jirani kwa kejeli, siku akikutana na jirani mwenyewe ataona alidanganywa, na atatilia shaka mengine yote aliyofundishwa nyumbani.

Wafuasi wa kwanza wa Nabii Isa (a.s.) walikuwa Mayahudi waliokuwa wakiingia Hekaluni. Wao wanaamini kwamba alisulubiwa siku za Pasaka, kiasi cha mwaka 30. Kwa hivyo walipotafuta maneno ya kueleza kifo hicho, maneno yaliyokuwa karibu nao yalikuwa ya madhabahu. Paulo alimwita Pasaka yao. Injili ya Yohana inamwita mwanakondoo, na inasimulia kwamba mifupa yake haikuvunjwa, kwa kuwa Taurati ilikataza kuvunja mifupa ya mwanakondoo wa Pasaka. Waraka kwa Waebrania ukaenda mbali kuliko wote: kwamba kuhani wa zamani aliingia na damu kila mwaka, hii ikiwa dalili kwamba kazi haikuisha, na kwamba Masihi aliingia mara moja tu na kuimaliza. Kwa Mkristo basi Hekalu halikuvunjika likabaki pengo. Kazi yake ilikuwa imekwisha.

Lakini ukiwauliza Wakristo wenyewe kifo hicho kinafuta dhambi kwa njia gani, hutapata jibu moja, na mabaraza makuu ya kanisa la zamani hayakulifunga jambo hili kama yalivyofunga mengine. Katika karne ya 4 Gregory wa Nyssa alisema kwamba ubinadamu wa Masihi ulikuwa chambo, na uungu wake ukawa ndoano iliyofichwa ndani, shetani akameza akanaswa. Mvuvi wa Koyama hatahitaji kuelezwa mara mbili mfano huo, ingawa huenda akauliza kwa nini Mwenye nguvu zote ahitaji kumvizia kiumbe wake. Swali hilo liliulizwa na Wakristo wenyewe pia. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alikataa kwamba shetani ana haki ya kulipwa chochote, akasema deni ni la heshima ya Mungu. Abelard, baada yake, akasisitiza upendo unaougeuza moyo wa mwenye dhambi. Calvin katika karne ya 16 akasema ni adhabu iliyobebwa na mmoja badala ya wengine. Anayezungumza na watoto wetu shuleni, aghalabu, ana hili la mwisho akilini, na hajui kwamba lilichukua miaka 1500 kufika katika umbo hilo.

Kismayo nayo imeyasikia haya. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waluteri wa Uswidi walikuwa na kituo cha misheni mjini, wakafundisha na kutibu hadi Wataliano walipowafukuza mwaka 1935. Wabajuni na Wasomali waliowafuata walikuwa wachache mno. Ni sadfa tu, lakini miaka michache kabla ya kufukuzwa kwao, mwaka 1930, Mluteri mwenzao Gustaf Aulén alichapisha kwa Kiswidi kitabu kilichosema kwamba Wakristo wa magharibi wamezama mno katika hesabu ya deni na adhabu, na kwamba watu wa zamani walikiona kifo kile kama vita na ushindi. Majadiliano hayo hayajaisha.

Sisi Waislamu msimamo wetu unajulikana. Suratun Nisaa aya ya 157 imekanusha kwamba Isa (a.s.) aliuawa au kusulubiwa, na Suratul An'am aya ya 164 imesema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwengine. Jawabu la swali la nani atakulipieni ni kwamba deni halihamishwi. Linasamehewa na Mwenyewe, kwa toba, au linalipwa na aliyelikopa.

Udhiya, akika na kafara

Je, basi kwa nini tunachinja? Suratul Hajj aya ya 37 imesema kwamba nyama zao na damu zao hazimfikii Mwenyezi Mungu, kinachomfikia ni ucha Mungu wetu. Wafasiri wametaja kwamba watu wa Jahiliya walikuwa wakiipaka Kaaba damu za wanyama wao. Akika nayo ilikuwapo kabla ya Uislamu, na mtoto alipakwa kichwani damu ya mnyama. Mtume (s.a.w.) akaiacha akika, akaondoa damu, akaweka zafarani. Ukitaka kuelewa Uislamu umefanya nini na kurubani, angalia tendo hilo dogo: mnyama amebaki, karamu imebaki, manukato yamechukua nafasi ya damu.

Fiqhi ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yetu, imependekeza mifupa ya akika isivunjwe, ikatwe kwenye viungo, kwa kumtakia mtoto salama. Bibi zetu wanaijua vizuri. Wachache wanajua kwamba mwanakondoo wa Pasaka alikuwa na hukumu hiyo hiyo. Desturi ni moja, maana iliyotiwa ndani yake ni nyengine.

Ngozi pia ina habari. Hekaluni ngozi ya sadaka ya kuteketezwa ilikuwa mali ya kuhani aliyeitoa, na kwa miaka mia kadhaa hiyo ilikuwa riziki ya watu wa madhabahu. Mtume (s.a.w.) alimwamuru Ali (r.a.) atoe sadaka ngozi na nyama za ngamia wake, wala asimlipe mchinjaji ujira kutokana navyo. Hakuna kuhani, kwa hivyo hakuna fungu la kuhani. Baba wa nyumba anashika kisu mwenyewe.

Habari ya Nabii Ibrahim (a.s.) mnaijua. Tuongeze tu kwamba katika kitabu cha Mwanzo mtoto ni Is'haq, kwetu wengi wanasema ni Ismail, na wafasiri wakubwa wa mwanzo walikhitilafiana, Tabari akiwa miongoni mwa waliosema Is'haq. Kijana asishtuke akikutana na hilo. Qur'an imesema mtoto alikombolewa kwa dhabihu adhimu, na haikusema kwamba dhambi yoyote ilikuwa ikilipwa. Ulikuwa mtihani.

Na neno kafara katika Qur'an lina maana gani? Suratul Maida aya ya 89 inaeleza kafara ya kiapo: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge siku tatu. Hapo hapana damu. Aliyevunja neno lake alishe watu. Kafara pekee zinazogusa mnyama ni chache na zinahusu Hija, kama mtu aliyewinda akiwa katika ihramu, na hata hapo ipo njia ya kulisha au kufunga.

Sasa tazama neno lile lile lilivyokuwa Kiswahilini. Mtu wa mtaani akisikia kafara hafikirii maskini kumi. Anafikiria chungu kilichowekwa njia panda, kuku mweusi, kitu kilichobebeshwa nuksi ya mgonjwa na kutupwa ili atakayekikanyaga aondoke nayo. Hiyo si kafara ya Suratul Maida. Ukiipima vizuri ni yule mbuzi wa pili, wa Azazeli. Hatusemi kwamba tumeirithi kwa Mayahudi. Watu wengi duniani wamefikia wazo hilo kila mmoja kivyake. Lakini inatuonyesha jinsi neno la dini linavyoweza kubaki na sauti yake na kubadilishwa tumbo.

Ng'ombe anayezungushwa mji

Hapo ndipo tunapofika nyumbani. Pwani ya Waswahili ina mwaka wa jua, wa siku 365, unaoanza Siku ya Mwaka au Nairuzi, neno la Kiajemi. Mabaharia na wakulima waliuhitaji kwa sababu mwaka wa Hijra hauwezi kukwambia kaskazi inaanza lini. Kuanzia Lamu na Siyu hadi Mombasa ilikuwapo desturi ya kumzungusha ng'ombe mji mzima, watu wakisoma dua na Qur'an nyuma yake, kisha akachinjwa na nyama ikaliwa na wote. Mombasa ilihusiana na kaburi la Shehe Mvita. Sisi Wabajuni, Watikuu, ambao visiwa vyetu vinaanza karibu na Kismayo, Koyama, Chovai, Chula na vyenginevyo, vikateremka hadi Ras Kamboni na kuungana na ndugu zetu wa Faza na Kizingitini, ni watu wa bahari hiyo na hesabu hiyo ya pepo. Chombo kipya kikishushwa majini, mbuzi alichinjwa.

Ubishi juu ya mambo haya ni wa siku nyingi. Wako masheikh walioyaita bid'a, wako walioyaacha wakisema ni sadaka na dua, na sadaka na dua hazina ubaya. Wabajuni wameyabishania vibarazani kwa salama, mpaka ulipofika wakati ambapo ubishi uliingiwa na bunduki. Wapiganaji wa al-Shabaab waliishika Kismayo tangu Agosti 2008 hadi 2012, na mwaka huo wa 2008 makaburi ya masheikh yalibomolewa, na kanisa kuukuu la zama za Wataliano pia. Aliyekuwa na shaka kuhusu ziara au ng'ombe hakupewa nafasi ya kuelimishwa. Alinyamazishwa, na mtu aliyenyamazishwa hajajifunza kitu.

Rai yetu ni hii. Ng'ombe anayechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, akaliwa na maskini wa mji, ni chakula na ni sadaka, hata kama siku yake imechaguliwa kwa hesabu ya mabaharia. Tatizo linaanza pale watu wanapoamini kwamba ule mzunguko ndio unaosomba balaa, kwamba ng'ombe ameubeba mji, au pale damu na mifupa vinapomwagwa baharini kwa ajili ya wenyewe wa bahari. Kumchinjia asiyekuwa Allah hakuna mwanachuoni aliyekuhalalisha. Na ukiacha hukumu, mzazi aliyeamini hivyo hawezi kumjibu yule mwanafunzi mwenzake mtoto wake, kwa sababu wanakubaliana katika msingi, kwamba lazima kiumbe fulani abebe. Wanakhitilafiana tu ni nani.

Jambo la mwisho ni la kivitendo, kwani barua nyingi zinauliza. Tangu vita vya 1991 familia nyingi za visiwani zimetawanyika. Kuna waliopita makambi ya Mombasa miaka ya 1990 wakarejea, na waliofika Ulaya na hawajarejea. Wanataka kujua kama inafaa kutuma pesa mbuzi achinjwe Chula au Kismayo kwa jina lao. Kuwakilisha kunafaa bila ya khitilafu. Katika Hija ya kuaga Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia 100, akachinja 63 kwa mkono wake na waliobaki akampa Ali (r.a.) awachinje. Visiwani mbuzi ni wachache, wengi huvushwa kwa chombo kutoka bara, kwa hivyo pesa zifike mapema kabla bei haijapanda. Ng'ombe mmoja hutosha watu saba, na familia saba zilizoko miji saba ya mbali zinaweza kushirikiana. Mwakilishi ajulishwe majina yote kabla ya kuchinja, asilipwe kwa ngozi, na kichinjo kiwe baada ya sala ya Idi ya kule anakochinjwa mnyama. Ikiwa watoto wako wako nawe ugenini na hawajawahi kuona udhiya, yapo maoni ya wanavyuoni kwamba ni bora mmoja achinjwe mnapoishi, ili waone na wale, na mwengine atumwe nyumbani kwa mwenye uwezo.

Wallahu a'lam.